Siku Nilipopaka Mlenda Mnadani Katesh

Wanaonicheka nawajua, kuanzia wauza vitunguu wa pale stendi mpaka wajukuu zangu mwenyewe, na siwakatazi, kwa sababu kama siku ile ningekuwa upande wao ningecheka mpaka nikae chini. Nilibebwa juujuu mbele ya mnada mzima wa Katesh, nikapakiwa nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kama mtu anayekata roho, nikiwa mzima kabisa. Basi, nimeshalisema. Aibu ni yangu, kosa ni langu, na uso uliohusika ni wangu. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na mpaka leo ukinikuta njiani kwetu Gendabi ukaniambia halikuwa sahihi, tutasimama hapo hapo tubishane, muda ninao, ng'ombe siku hizi wanachungwa na wengine.

Chanzo cha yote ni mdomo wangu. Mjukuu wangu Paskalina, binti wa mwanangu Safari, alisomea Arusha mambo ya kutunza ngozi, akarudi na cheti chake, akaweka meza ya losheni na mafuta na jeli za uso kwenye baraza la duka la Mama Zuhura pale Katesh. (Mama Zuhura ni mfanyabiashara mtoto wa wafanyabiashara, ukoo wao umeuza kanga na vitenge Katesh tangu barabara ya Singida ikiwa vumbi tupu, na hana mchezo na baraza lake.) Binti alianza vizuri. Walimu wa kike walinunua, manesi walinunua, hata mke wangu alipewa kichupa kimoja akakificha kwenye sanduku la nguo za kanisani.

Sasa Jumapili moja tulikuwa na kipaimara cha mtoto nyumbani kwetu, wanawake wamekaa uani, Paskalina anawaonyesha shangazi zake kichupa cha jeli ya uso, kinapita mkono kwa mkono, na mimi nimekaa na kikombe changu cha togwa, hakuna aliyeniuliza kitu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionifikisha kwenye kirikuu. Nikasema, "Hebu kilete hapa."

Nikavaa miwani. Mimi nina kidato cha nne, tena cha wakati ule ambapo mtu wa kidato cha nne aliandikia kijiji kizima barua, na yale maandishi madogo ya Kiingereza nyuma ya kichupa niliyasoma neno kwa neno, mengine bila kuyaelewa, mpaka nikafika kwenye neno moja nililolielewa vizuri sana.

"Jamani," nikasema, "humu wameandika asidi!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Basi nikaona nimepata hadhira.

"Asidi mimi naijua. Nilipokuwa karani wa ghala kwenye mashamba ya ngano, asidi ya betri ya trekta ilinimwagikia hapa, ikala suruali, ikataka kula na paja. Ndiyo mnataka kupaka usoni? Na ukiondoa hiyo asidi, kilichobaki ni maji yaliyogandishwa."

Watu walicheka sana. Shangazi mmoja aliyekuwa ameshafungua pochi akaifunga. Mwingine akakifuta kidole chake kwenye majani, ingawa hakuwa amegusa kitu. Paskalina akasema, "Sawa, babu," akakichukua kichupa, akakipangusa alama ya kidole changu, akakirudisha kwenye mkoba. Mimi nikaendelea na togwa, nimefurahi kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

Yale maneno hayakubaki uani. Yalipanda bodaboda, yakateremka Katesh kabla ya Paskalina mwenyewe, na kila aliyeyapeleka aliongeza kidogo: kwamba babu yake mwenyewe, mtu aliyesoma, amekataza ukoo mzima, kwamba kuna mwanamke wa Haydom ameungua shavu (hakuna mwanamke wa Haydom aliyeungua, nimeuliza). Wateja wakaanza kupita mbali na ile meza kama inauma.

Mimi nililijua hilo kupitia kwa mke wangu, Mama Safari. Alikuwa amekaa jikoni anakatakata mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ilikuwa siku moja kabla ya mnada, na alinieleza bila kuniangalia, na mke wangu akisema na mimi bila kuniangalia ujue mambo si mazuri.

"Mama Zuhura amemwita mtoto," alisema. "Amemwambia hivi: siku ya mnada nitakaa dukani nitazame. Watu wakija mezani kwako, baraza ni lako. Wasipokuja, kuna fundi simu ameshaniomba ile nafasi."

"Na watakuja?"

"Waje kupakwa asidi, Baba Safari?"

 Nilitoka nje nikamkuta Paskalina anafua, nikazunguka zunguka pale, nikamwita ndani, akaja na mikono yenye povu, akasimama mlangoni pa jiko.

"Hiyo asidi," nikasema, "ni asidi gani hasa?"

"Babu, si umeshawatangazia watu?"

"Nimetangaza. Sasa nauliza."

"Ulitakiwa kuanza na kuuliza."

Mama Safari akacheka mle ndani ya moshi, na hakujificha.

Binti hakuninyima, nasema ukweli. Alikaa kwenye kigoda akanieleza taratibu. Kwamba jina hilo lisinitishe, kitu chenyewe kinaitwa asidi lakini hakiunguzi, tena kipo ndani ya ngozi ya kila mtu tangu azaliwe, na mtu anavyozeeka kinapungua, ndiyo maana mimi na yeye hatufanani mashavu. Kwamba kwa umbile lake ni sukari. Si ya kutia kwenye chai. Ni vipande vidogo vya sukari vilivyoshikana kimoja baada ya kingine mpaka vikawa mnyororo mrefu sana, na huo mnyororo kazi yake ni kushika maji. Ukiweka kidogo tu kwenye maji mengi, maji yanakuwa mazito na yanateleza, na ukipaka ngozini unabaki utando mwembamba usioonekana, unaoshikilia unyevu usiondoke na upepo.

"Mnyororo mrefu wa sukari," nikasema polepole, kwa sababu nililiona lile neno linakuja kutoka mbali, kutoka darasa la baiolojia, mwalimu amesimama na chaki, sisi tunaimba. "Polisakaridi!"

Paskalina akanitazama kwa mshangao. "Ndiyo, babu. Polisakaridi."

Jamani, mtu hawezi kujua furaha ya kukutana na neno ulilolisoma ujana wako na hujalitumia tangu siku ya mtihani. Nilisimama. Na nilipokuwa nimesimama hivyo, nikamwona mke wangu anakoroga chungu, anainua mwiko, na ule mlenda unanyooka kutoka kwenye mwiko mpaka kwenye chungu, uzi mrefu unaong'aa, haukatiki.

"Na ule utelezi wa mlenda je?"

"Na wenyewe ni polisakaridi," alisema. "Ni ndugu. Kanuni ni ile ile."

"Kwa hiyo—"

"Lakini babu, mlenda ni wa kula. Usije ukafikiria kuuweka usoni, bibi anatia magadi humo, na hata bila magadi unatakiwa kuwa mwepesi sana, kwenye ngozi yenye maji, na juu yake mafuta kidogo, la sivyo..."

Nitasema ukweli wangu wote: mimi nilisikia mpaka pale kwenye "kanuni ni ile ile". Baada ya hapo nilikuwa nikiangalia midomo inatembea. Kwa sababu mpango ulikuwa umeshakamilika kichwani, na mpaka leo nauona ni mpango mzuri. Watu wetu wanaogopa kile kichupa kwa sababu hawakijui. Mlenda wanaujua, wamenyonyeshwa na mama waliokula mlenda. Basi nitasimama mnadani mimi niliyewatisha, shavu moja nipake mlenda, shavu la pili jeli ya Paskalina, niwaambie jamani tazameni, hivi vitu ni ndugu, kama huu hauniui na ile hainiui. Maneno yangu ndiyo yaliyomfungia mtoto biashara, maneno yangu yataifungua. Kuna ubaya gani hapo? Nionyeshe.

Ubaya ulikuwa kwenye utekelezaji.

Mama Safari alipokwenda kisimani nilichota mlenda kwenye chungu chake, nikauchuja kwa chujio la chai (hilo chujio mpaka leo haliruhusiwi kugusa chai), nikapata ule utelezi mtupu, kijani kibichi, nikauona mwepesi mno kwa kazi ya hadhara, nikaurudisha motoni ukapungua mpaka ukawa mzito kama gundi ya kubandikia bahasha. Magadi yalikuwemo. Niliyajua yamo. Mlenda wa kwetu bila magadi ya ziwa Balangida unakuwa mgumu, hautelezi, hakuna mwanamke wa huku atakayeupika hivyo. Na mimi nikajiambia kitu kinachopita kooni kila wiki bila kuniumiza kitanifanya nini shavuni. Sikukumbuka kwamba nikichemsha maji yapungue, magadi hayapungui, yanabaki yale yale kwenye maji kidogo. Hayo nayo niliyasoma, kidato cha pili, kemia. Lakini siku ile nilikuwa mtu wa baiolojia.

Nikautia kwenye kopo la siagi, nikafunga, nikauweka mfukoni mwa koti.

Asubuhi ya mnada upepo ulikuwa ule wa kiangazi, unaoteremka mlimani na kuchukua vumbi lote la Katesh kwenda kulitembeza. Nilifika barazani kwa Mama Zuhura nikamkuta Paskalina kasimama nyuma ya meza yake, vichupa vimepangwa vizuri, kitambaa cheupe, na mbele yake hakuna mtu. Watu wanapita, wanatazama, wanapunguza sauti, wanaendelea. Ndani ya duka, kwenye kiti chake, Mama Zuhura anakunja vitenge na kuhesabu wapita njia kwa macho.

"Shikamoo, babu. Umekuja kununua nini mnadani?"

"Marahaba. Nimekuja kusema."

Nikavuta kreti la soda, nikapanda juu yake. Sasa mzee wa umri wangu akipanda kreti mnadani watu lazima wasimame, hata kama ni kusubiri aanguke. Nikaanza. Nikasema mimi ndiye niliyesema asidi. Nikasema nilisema bila kuuliza. Nikasema leo nitawaonyesha kwa uso wangu mwenyewe, nikatoa kopo mfukoni, nikalifungua, na harufu ya mlenda ikatoka, wanawake wa mbele wakaangaliana.

"Babu, hapana," Paskalina alisema chini chini. "Hilo kopo lina nini? Babu."

"Wewe nipake shavu la kulia. La kushoto niachie mwenyewe."

Alisita, lakini watu walishaanza kukusanyika, ndio wale watu aliowangoja wiki nzima, na alimtupia jicho Mama Zuhura aliyekuwa ameacha kukunja. Akalowesha kitambaa, akanifuta shavu la kulia, akanidondoshea tone moja la jeli, akalisambaza, kisha mafuta kidogo juu yake. Nikaona ni uchoyo, tone moja kwa shavu zima. La kushoto nililipaka kavu, na nikalipaka kwa kiganja.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sitakubali mtu aseme vinginevyo. Mlenda ulikuwa wa baridi, unateleza, nikahisi ujana. Nikawaeleza habari ya minyororo ya sukari. Upepo ukapiga, mlenda ukakauka, mimi nikadhani umeingia ndani ya ngozi, nikasema, "Mnaona unavyonyweka?" nikapaka tena. Ukakauka tena, nikapaka tena. Nilikuwa napaka kama fundi anayepiga lipu, tabaka juu ya tabaka, na vumbi la Katesh likija linakuta mahali pa kukaa.

Hapo akatokea Gidahoda. Gidahoda ni jirani yangu wa Gendabi, mfugaji, tumegombana miaka yote kuhusu ng'ombe wake na mahindi yangu, na kwa kugombana huko tumekuwa marafiki ambao hawawezi kupita siku mbili bila kutaniana. Alikuwa amekuja kununua mbuzi, ameshawapakia kwenye kirikuu kilichoegeshwa pale pale pembeni ya baraza, akajipenyeza mpaka mbele, akaegemea fimbo yake.

"Mkulima!" alisema. "Mboga zimekosa pa kuwekwa mpaka mnapaka usoni?"

Watu wakacheka, nami nikataka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana, lilihusu ngozi yake na samli, lakini nilipofungua mdomo, upande wa kushoto haukufunguka.

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama mtu amenishonea shavu. Ule utando ulikuwa umekauka wote kwa pamoja, umekaza kutoka sikioni mpaka kwenye pembe ya mdomo, mdomo umevutwa juu, jicho limevutwa chini, na chini ya utando magadi yameanza kazi, panawaka, na jicho la kushoto linatoa machozi peke yake wakati la kulia liko kavu kabisa, linawatazama watu kwa ujasiri. Nikasema, "Ni polisakaridi," na nikajisikia mwenyewe nilivyosema, ilikuwa kama mtu anayeongea na kipande cha muhogo wa moto mdomoni.

Gidahoda akaacha kucheka. "Rafiki yangu," aliuliza taratibu, "mdomo wako umekwenda wapi?"

Na mwanamke mmoja nyuma, sauti kama king'ora, "Kiharusi! Mzee amepata kiharusi!"

Hapo mambo yakanitoka mkononi. Mtu ukisema "mimi mzima" huku nusu ya mdomo imepinda na mate yanakutoka, unazidi kuwathibitishia. Nilisema mimi mzima, wakasema jamani anahangaika. Nilinyoosha mkono niwasukume, wakasema bora mkono bado unafanya kazi. Wanaume wanne watano wakanitoa kwenye kreti, mmoja miguu, mmoja kichwa, mtu akanivua kiatu (sijawahi kujua kwa nini), Paskalina anapiga kelele, "Ni mlenda! Mfuteni, ni mlenda!" lakini nani anamsikiliza muuza asidi, maana sasa nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Ndiyo ile asidi yake, imempiga babu wa watu." Moyo uliniuma kuliko lile shavu. Nilikuja kumwokolea mtoto baraza, na sasa nimewapa watu maiti ya kumwonyeshea.

Gari la karibu lilikuwa kirikuu cha mbuzi. Wakanilaza humo, chali, kati ya mbuzi, mtu akapiga kelele nipelekwe hospitali ya Haydom, mwingine akasema Haydom mbali atafia njiani, dereva hayupo, amekwenda kula nyama, wakaanza kumtafuta, na baraza zima likahamia kwenye gari. Nilikuwa natazama mbingu kwa jicho moja. Na ndipo kwenye ile mbingu ukaingia uso wa mbuzi, jike lenye ndevu, likanitazama, likaninusa, likaanza kunilamba.

Lilinilamba shavu la kushoto. La kulia halikuligusa. Lililamba kwa bidii, kwa ulimi kama msasa, kutoka kidevuni mpaka kwenye nyusi, na mwenzake akaja, nao wakaanza kusukumana wakinigombania, na watu waliokuwa wakilia wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ugonjwa wa namna hiyo. Kadiri walivyolamba ule utando ulilainika, ukaachia, jicho likapanda mahali pake, mdomo ukarudi, nikatema mate, nikasema kwa sauti safi ambayo ilisikika mpaka kwa wauza ng'ombe:

"Mtoeni huyu mnyama!"

Gidahoda alikuwa ameshika ubao wa gari. Alimtazama mbuzi wake, akanitazama mimi, akachovya kidole kwenye shavu langu akakionja, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Magadi," alisema. "Huyu mkulima amejitia magadi. Jamani, mbuzi wangu hawalambi kiharusi."

Nadhani kile kicheko kilisikika mpaka Gendabi. Watu walishikana, watu walikaa chini kwenye vumbi, yule mwanamke wa king'ora alilia kwa kucheka kuliko alivyolia kwa huzuni. Mimi nikakaa kitako kati ya mbuzi, kiatu kimoja, shavu la kushoto jekundu kama nyama, na mwili wangu wote ulikuwa na nia moja tu: niteremke, nivae kofia, nipite nyuma ya maduka, nisionekane Katesh tena mpaka mvua za masika.

Paskalina alikuwa ameshafika na beseni la maji na kitambaa. Alikuwa ametokwa na machozi na hakuwa anacheka. Alinifuta magadi yote kwa maji mengi, taratibu, halafu akaniinamia sikioni.

"Babu, umati wote uko hapa," alisema. "Ukiondoka, wanaondoka. Ukikaa, nitaongea."

Nikamtazama. Nikamtazama na Mama Zuhura, aliyekuwa amesimama sasa kwenye mlango wa duka, mikono kiunoni, hacheki wala hanuni. Na nikajua kwamba kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa huyu mtoto ni uso wangu ulivyo. Nikakaa.

Binti aliongea vizuri. Hakutumia neno gumu hata moja. "Upande huu," alisema akionyesha la kushoto, "ni mlenda wa magadi uliopakwa kama udongo wa ukutani, juu ya ngozi kavu, kwenye upepo. Utelezi wenyewe si mbaya, unashika maji. Ukiupaka mnene upeponi, yale maji yanaondoka, unabaki unavuta ngozi. Kilichomuunguza ni magadi. Upande huu mwingine ni tone moja, kwenye ngozi yenye maji, na mafuta juu yake ili yale maji yasitoroke. Upepo ni ule ule, vumbi ni lile lile, mtu ni yule yule. Njooni mguse."

Na wakaja kugusa! Wanawake wa Katesh, wa Gendabi, mabinti wadogo kuliko wajukuu zangu, wanasema "shikamoo babu" halafu wananishika shavu, na mimi nasema "marahaba" na kugeuza kichwa kama ng'ombe anayekaguliwa meno. Kulia: "Laini, eeh!" Kushoto: "Pole, babu." Shangazi yule aliyefunga pochi alikuja, akagusa kulia, akagusa tena, akauliza kama mtu asiyejali, "Sasa na ile asidi uliyosema?"

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Niliogopa asidi isiyounguza, nikajipaka magadi yanayounguza. Vyote viwili nilifundishwa shuleni. Mtoto yuko sawa, mimi nilikosea, na sukari ile ni polisakaridi." Hilo la mwisho hakuniuliza mtu lakini nililisema.

Alifungua pochi.

Mchana ule meza ilibaki na kitambaa cheupe peke yake na vichupa vya kuonyeshea. Mama Zuhura alikuja mpaka kwenye kirikuu, akanikabidhi kiatu changu kilichopotea, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akatoa hukumu yake.

"Binti atabaki kwenye baraza. Fundi simu nitamwambia atafute kwingine. Lakini wewe, baba yangu, nakuomba sana, siku za mnada usije."

Nimeitii amri hiyo na nitaitii mpaka mwisho. Sitapanda kreti tena, sitapaka kitu usoni ambacho kimetoka kwenye chungu, na magadi nimewaachia mlenda na mifugo. Shavu la kushoto lilipona kwa maji matupu na uvumilivu, na sasa yote mawili yanapata tone moja kila asubuhi, kabla maji ya kunawa hayajakauka, na samli kidogo juu, anayonipa Gidahoda kwa sharti kwamba nimruhusu asimulie mkasa huu kila anapotaka. Anasimulia kila siku, na anaongeza mbuzi.

Lakini kanuni ni ile ile, Paskalina alisema mwenyewe, na mke wangu ni shahidi. Na wale mbuzi wawili bado wapo, Gidahoda hakuwauza. Nikipita kwake wanainua vichwa, wanalitazama shavu langu la kushoto, na mimi nawatazama machoni mpaka wainamishe.